Simba Aliyewinda Uani Kwake

Paukwa!

— Pakawa.

Pakawa ua.

— Ua gani?

Afadhali mmeuliza. Ukisikia "ua hili", hilo ni waridi, linuse. Ukisikia "ua huu", huo ni wa miti na miiba, uzunguke. Na ukisikia "ua" tupu, neno halina mbele wala nyuma, usisimame kuuliza, kimbia. Basi hadithi yangu ina ua wa pili na ua wa tatu. Waridi sina. Anayetaka waridi aende kwa msimulizi mwingine, wapo wengi na wana sauti nzuri kunishinda. Mko tayari?

— Tuko tayari, shusha.

Nashusha.

Palikuwa na Simba. Ujanani mwake Simba huyu alikuwa mwindaji kwelikweli, siwezi kumdhulumu. Akimwona swala, alimkimbiza. Swala akienda kulia, naye kulia. Swala akienda kushoto, naye kushoto. Siku nyingine alimpata, siku nyingi alimkosa, maana swala naye miguu yake kapewa na Mungu, hakuiazima kwa mtu. Akimkosa alilala na njaa, na hakuna aliyemcheka.

Msitu ule ulikuwa na desturi yake. Mwindaji akishapata windo, hali mpaka asimulie mbio. Anasimama mbele ya watu, anasema: nilimwona mahali fulani, akakatiza mahali fulani, akanipiga chenga mara kadhaa, nikampata mahali fulani. Jamaa za marehemu wanasikiliza kutoka vichakani. Hawafurahi, nani atafurahi? Lakini wanajua ndugu yao hakung'olewa kama muhogo, alikimbia mpaka mwisho. Wakishasikia wanakwenda zao, na mwindaji anakula.

Sasa Simba akazeeka kidogo na akanenepa sana. Tumbo likatangulia, miguu ikafuata. Akikimbia hatua saba, anakaa chini: heh, heh, heh. Akikimbia tena hatua saba, anakaa tena: heh, heh, heh. Ulaji wake haukupungua hata tonge moja, tena uliongezeka. Akakaa akawaza. Akaona kumfuata swala kila siku ni usumbufu, afadhali swala akae mahali pamoja.

Akaamuru ujengwe ua. Tembo wakaburuta magogo, buru, buru, buru. Nyani wakafunga fito, nya, nya, nya. Ua ukapanda mpaka ukaipita shingo ya Twiga. Twiga alisimama nje, akanyoosha shingo yote aliyo nayo, akaona miti tu. Mlango ulikuwa mmoja, wa gogo zito la kuvutwa kwa kamba. Ndani walifungiwa swala thelathini, kulungu sita na pongo wawili waliokuwa wamekuja kunywa maji kwenye kijito. Na katika kichaka kimoja, bila mtu kujua, walikuwa wamelala digidigi wawili, mke na mume. Mke aliitwa Bi Mize, mume aliitwa Shaame. Digidigi mnamjua, mnyama mdogo, ukisimama naye hakufiki magotini, macho makubwa, pua yenye kuchezacheza. Walilala msituni, wakaamka uani.

Mlangoni akawekwa Fisi. Huyu alikuwa na sikio moja. La pili liling'olewa kwa kofi siku ya kwanza ya kazi, kwa kosa la kuchelewa kuvuta kamba. Tangu hapo hakuchelewa. Simba akisema "Fungua", Fisi anavuta kamba, kwaaa, gogo linaondoka. Simba akisema "Funga ua", Fisi anaachia kamba, gubu, gogo linarudi. Kazi yake yote ilikuwa hiyo, na ujira wake mifupa.

Halafu Simba akaokota debe kuukuu njiani. Kila asubuhi alilijaza pumba na maganda ya matango, akaligonga kwa kucha: ko, ko, ko. Siku ya kwanza wanyama walichungulia. Siku ya tatu wakasogea. Siku ya kumi walikuwa wanasukumana kama watu kwenye pilau.

Ijumaa ikifika, Simba alialika wageni. Alikuja Chui, alikuja Duma, walikuja na wakubwa wengine ambao sina haja ya kuwataja, maana kazi yao ilikuwa kula tu. Simba alijilaza nyuma ya kichuguu. Debe likagongwa: ko, ko, ko. Swala wakaja mbio. Wa kwanza aliyeinamisha kichwa, Simba akanyoosha mkono. Pu! Kwisha. Hakuinuka hata kitako.

Kisha akasimama kusimulia mbio. Akasema alimwona swala yule alfajiri, akavuka bonde la kwanza, naye akavuka. Swala akavuka bonde la pili, naye akavuka. Akaenda hivyo mpaka bonde la saba, akasema hapo ndipo alipompata, baada ya kumkosa mara nne. Wageni wakapiga makofi. Jamani, ndani ya ua ule palikuwa na bonde? Hapakuwa na hata shimo la panya. Lakini wageni walikuwa na nyama mkononi, na mtu mwenye nyama mkononi haulizi habari za mabonde.

Hapo ndipo moyo wangu unaponiuma. Kuliwa, kila swala anajua kuwa kupo. Nje waliliwa, na babu zao waliliwa. Lakini mama wa swala yule alikuwa amesimama palepale, hatua kumi, ameona kila kitu. Mwanawe ameuawa na pumba puani, halafu anasikia habari za mabonde saba. Hata kilio chake kilichukuliwa.

Ikawa hivyo Ijumaa baada ya Ijumaa. Swala wakawa ishirini na tisa, wakawa ishirini na nane, wakawa ishirini na tano.

Bi Mize aliligusa debe siku moja tu, akaliacha. Alikula majani yake ya kichakani, hata kama yalikuwa machungu. Lakini mumewe! Shaame alilipenda debe lile kuliko mamaye. Alinenepa mpaka shingo ikapotea, kichwa kikakaa juu ya mabega moja kwa moja. Bi Mize alimsihi asubuhi, akamsihi mchana. Shaame akajibu kwamba nje kulikuwa na kiu na mbwa mwitu, na humu hakuna, na kwamba wanawake wana wasiwasi mwingi.

"Bwana Shaame," Bi Mize akamwambia, "nje Simba akitukimbiza mara kumi, mara tisa tunamkosesha. Humu hatukimbizi hata mara moja, na tunakwisha."

Shaame akafikiri kidogo, akasema hesabu si kazi yake, akaenda kuangalia kama debe limejazwa.

Alhamisi moja Bi Mize alikuwa anakula majani karibu na mlango. Simba alikuwa hapo, anatafuna ini na kuzungumza na Fisi. Alikuwa anampa habari za kesho. Alisema wageni wamechoka na swala, kwa hiyo atawapa kitu laini, yule digidigi dume aliyenona, anayekuja mbio kuliko wote.

Kabla Bi Mize hajaondoka, kulungu mmoja akapita karibu na mlango. Simba akashtuka, akapiga kelele Fisi afunge ua, na ini bado limejaa mdomoni. Fisi akarukia kamba, akaanza kuvuta. Kwa... kwa... Gogo likaanza kusogea. Simba akameza haraka, gulu, akarudia amri, na Fisi akaachia kamba. Gubu.

Bi Mize akasimama. Akairudia ile amri kichwani mwake, mara moja, mara mbili. Funga ua. Fungua. Pua yake ikacheza. Akaenda pembeni kabisa mwa ua, kwenye gogo bovu ambamo nyuki wadogo wasiouma walikuwa wamejenga. Akachimbua kwa kwato mpaka akapata sega zito, nta nyingi, asali inachuruzika. Akalifunika kwa jani pana, akalificha.

Kisha akawapitia wanyama mmoja mmoja. Akawaambia kwamba kesho wakisikia debe, wasiende. Waende mlangoni, wainamishe vichwa kama wanaokula nyasi, na wasubiri. Swala waliuliza kwa nini, wakauliza tena, wakauliza mara ya tatu. Akawaeleza yote. Mama wa yule swala wa kwanza hakuuliza kitu, alikwenda mlangoni usiku uleule.

Mumewe alimweleza mwisho, tena taratibu. Shaame akacheka. Akasema Simba hawezi kumla mtu anayemlisha kila siku, huo utakuwa wazimu.

Ijumaa ikafika. Wageni wakaketi. Simba akajilaza nyuma ya kichuguu chake. Debe: ko, ko, ko. Hakuna aliyekuja. Ko, ko, ko. Swala wote wako mlangoni, vichwa chini. Kulungu wako mlangoni. Ko, ko, ko. Mara huyo, anakuja, tumbo linayumba, pua juu, anafurahi kwamba leo hakuna msukumano. Shaame.

Simba akanyoosha mkono. Pap! Akamkandamiza mgongoni. Hakumuua papo hapo, maana alitaka kwanza wageni waone alivyonona.

Bi Mize akatoka kichakani. Akafika mbele ya wakubwa, akapiga goti.

"Shikamooni wakubwa."

Duma akaitikia marahaba. Simba aliitikia kwa pua.

"Bwana Simba, mimi ni mke wa huyo uliyemshika. Sikuja kumwombea. Nimekuja kusikiliza mbio zake kama ilivyo desturi, ili nijue la kuwaambia ndugu zake."

Wageni wakaona ni haki yake. Simba akasafisha koo, akaanza kama kawaida. Alimwona digidigi huyu alfajiri, akavuka bonde la kwanza.

"Bonde lipi, bwana mkubwa?" Bi Mize akauliza kwa upole.

"Lile la kule."

"Kule ni ua."

"Basi la huku."

"Huku pia ni ua, bwana."

Chui akaacha kutafuna. Duma, ambaye anakula kwa jasho la miguu yake na hana njia nyingine, akainama kutazama nyayo za Simba. Zilikuwa safi kama za bibi harusi. Akatazama debe. Akatazama kichuguu. Duma si msemaji, lakini siku hiyo alisema.

"Mwenzetu, huku si kuwinda. Huku ni kupakua."

Chui akakohoa. Simba masikio yakamwaka moto. Angeitwa mlafi angevumilia, alishazoea. Lakini kuambiwa hajui kuwinda, tena na Duma, tena mbele za watu!

Bi Mize akamwonea huruma, au alijifanya. Akasema bwana mkubwa anaweza sana, ila leo hakupewa nafasi. Amwachie Shaame asimame kule mlangoni, kisha amkimbize hapahapa wageni waone. Akimpata, yeye Bi Mize mwenyewe atasimulia mbio, na atazipamba vizuri.

Duma akasema hilo ni jambo la kiungwana. Simba akapima. Ua umefungwa. Digidigi hana shingo. Ataenda wapi? Akakubali, akainua mkono. Shaame akasimama, akajikung'uta, akaenda mpaka mlangoni. Ndipo alipoogopa kwa mara ya kwanza tangu aingie mle. Macho yake yalikuwa makubwa, yakawa makubwa zaidi.

"Lakini koo la bwana mkubwa limekauka kwa kusimulia," akasema Bi Mize, na akafunua jani lake. "Nina asali kidogo. Labda ukigawana na wageni..."

Simba aliposikia habari ya kugawana hakungoja. Alilinyakua sega lote, na jani lake, akalisukuma mdomoni kwa mikono miwili. Nta ikashika meno ya juu, ikashika meno ya chini, ikapanda mpaka kwenye kaakaa. Nyam, nyam, nyam. Chui alikuwa ameshanyoosha mkono, akaurudisha mtupu.

Ni hapo Simba alipoinua macho akaona kitu ambacho hakukiona mapema. Swala wote, kulungu wote, pongo wote wawili, wamejaa mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa vizuri, Fisi ameshika kamba, hakuna hatari yoyote. Lakini mwenye kufungia wenzake hana amani hata dakika moja. Akapiga kelele ya "Funga ua".

Haya, nisikilizeni. "Funga ua" ikitoka kwenye mdomo mtupu ni maneno mawili. Ikitoka kwenye mdomo uliojaa nta ni neno moja.

"Fungwua!"

Fisi akastaajabu. Afungue sasa, wanyama wote wakiwa hapa? Akagusa mahali palipokuwa na sikio. Akavuta kamba. Kwaaa!

Ti-ti-ti-ti-ti! Swala wakatoka. Tifu! Vumbi likapanda. Ti-ti-ti-ti-ti! Kulungu wakafuata.

"Fungwua! Fungwua!" Simba akazidi.

"Nimefungua, bwana," akasema Fisi.

"Fungwuaaa!"

Fisi akaona labda mlango haujatosha. Akajifunga kamba kiunoni, akarudi kinyumenyume nje ya ua kwa uzito wake wote mpaka gogo likafika mwisho. Mlango haukuwahi kuwa wazi namna ile tangu ujengwe.

Simba akaona amri haisaidii, akakimbia mwenyewe. Hatua moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Heh, heh, heh. Akakaa chini.

Wote wametoka isipokuwa Shaame. Amefika kwenye kizingiti, mguu mmoja nje, amesimama. Anageuka. Anaangalia nini? Analiangalia debe! Bi Mize alikuwa nyuma yake. Maneno yalishamwishia wiki nyingi zilizopita, kwa hiyo hakusema kitu, akamng'ata mkia. Digidigi hana mkia wa kutosha kung'atwa, lakini siku hiyo ulitosha. Shaame aliruka juu na kutua msituni, na akishatua alikimbia. Akaenda kulia, akaenda kushoto, akarudi kulia, wala hakuna aliyekuwa anamfukuza. Bi Mize alimfuata huku analia na kucheka pamoja.

Wageni nao wakainuka, wakatoka. Chui alitoka akicheka mpaka anajishika mbavu. Duma alimuaga Simba kwa heshima, akatoka taratibu, akainusa hewa ya nje, akaanza kunyoosha miguu.

Simba akabaki anakwangua nta kwa kucha. Akakwangua juu, akakwangua chini, akatema jani, akasafisha koo. Na alipoona kinywa kimekuwa chepesi, hasira zote zikamjia kwa mpigo mmoja. Hakutazama nani yuko ndani na nani yuko nje. Alinguruma amri yake, na safari hii ilitoka safi, maneno mawili, kila moja na mahali pake.

"Funga ua!"

Fisi hakuchelewa. Akaifungua kamba kiunoni, akaiachia. Gubu!

Simba akahesabu wanyama waliobaki ndani. Alikuwa mmoja.

Akaita Fisi afungue. Fisi alikuwa ameona vumbi la Duma kwa mbali, akajua leo mifupa itakuwa huko, akalifuata. Na sitawaficha, jioni ile Duma alimpata swala mmoja, ng'ambo ya mto. Alisimulia mbio zake kwa maneno machache, akataja alipomkosa na alipomwona anachoka. Jamaa za marehemu walisikiliza vichakani mpaka mwisho. Walilia, kisha wakaenda zao, na hakuna aliyesema ni uongo.

Simba alikaa mle siku nne. Siku ya tano alikuwa amekonda kiasi cha kupenya kati ya miti miwili. Shaame naye alikonda vizuri huko aliko, shingo ikaonekana tena, na Bi Mize akasema alikuwa amesahau kwamba mumewe ni mzuri.

Sasa funzo. Naona mnatazamana. Mnadhani nitasema ni aibu kuwinda mnyama uliyemfungia, uliyemlisha kwa mkono wako mwenyewe, kisha ukajiita shujaa. Mimi sikusema hivyo. Aliyesikia hivyo kasikia mwenyewe, na nikiulizwa na wenye nyua zao nitakana.

Funzo la hadithi yangu ni adabu ya kula. Usizungumze na chakula mdomoni, basi. Na kama mnataka la pili, ni utiifu. Mkubwa akikuamuru, fanya upesi, usitumie akili hata kidogo. Mtazameni Fisi. Angefikiri siku ile, hata kwa muda mfupi tu, wale wanyama wote wangeliwa.

Hadithi yangu nimeiachia hapo, ikimbie. Atakayeikamata ni yake, ila asimulie kwanza aliipataje.